Bonde la Pili Kitandani, Chumba Namba Tano

Wanangu, mwalimu wenu wa kazi za hoteli ameniomba niwaandikie namna ya kutandika kitanda cha mgeni. Amesema kurasa mbili zinatosha. Naona huyu mwalimu hajatandika vitanda vingi, kwa sababu kutandika si kazi kubwa. Kazi ni ile dakika moja kabla ya kutandua, unaposimama mlangoni na ndoo mkononi na kukiangalia kitanda jinsi mgeni alivyokiacha. Nyinyi mnaingia na kuvuta shuka kwa nguvu huku simu inaimba mfukoni. Sisi tuliangalia kwanza.

Magodoro yetu yalikuwa ya pamba, na pamba hushika umbo la mtu. Anayelala chali huacha bonde refu katikati. Mwenye mawazo hubonyeza ukingo tu, maana amekaa hapo mpaka kumekucha. Mlevi hulala mshazari na kusahau kiatu kimoja ndani ya blanketi. Mhubiri mmoja alikaa nasi siku nne na kitanda chake hakikubonyea hata kidogo, mto umesimama vilevile nilivyouacha. Tukaambiana jikoni kwamba huyu ni mtu wa Mungu kwelikweli, usiku mzima yuko magotini. Kumbe alikuwa akilala sakafuni kwa sababu ya mgongo, na asubuhi akikunja mkeka wake kwa haya.

Hayo yalikuwa Homa Bay, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Nyumba yetu ya wageni ilikuwa na vyumba sita na baraza moja iliyotazama ziwa. Mgeni alipata kitanda, beseni na jagi la maji ya kunawa, na asubuhi chai ya maziwa, mkate na mayai. Mwenye nyumba alikuwa Mama Yunia, mjane mrefu aliyelelewa na masista kule Asumbi, na kwa masista alijifunza kukunja pembe za shuka mpaka zikawa na ncha. Akipita kwenye ukumbi ulisikia funguo kwanza, halafu ukamwona yeye. Jikoni alikuwepo Mzee Okech, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi ingawa yeye alikuwa mpishi. Alinifundisha kutia bluu kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, ili shuka nyeupe ing'ae. Mimi nilidhani kidogo ni kiganja kizima. Wageni wa wiki hiyo walilala kwenye shuka za rangi ya mbingu, na Mama Yunia hakuniambia neno siku tatu.

Mimi naitwa Boke. Ni Mkuria, kwetu ni kule karibu na mpaka wa Tanzania, na nilipofika Homa Bay sikujua hata salamu ya Kijaluo. Kwa hiyo kila mtu alisema nami Kiswahili, na waliposema wao kwa wao nilirudi kuwa kiti. Sokoni waliniita nyar Kuria, yaani binti wa Kikuria. Hawakuwa na ubaya, lakini mtu akiitwa kwa jina la kwao tu kila siku, anafika mahali anatamani mmoja amwite Boke. Jioni nilikaa kwenye ngazi ya nyuma, nikisikiliza vicheko vya nyumba za jirani ambavyo sikujua vinacheka nini. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na sikuwa na umri wa kuujua upweke kwa jina lake. Nilidhani ni njaa.

Huko nilipelekwa na kaka yangu Chacha. Wazazi wetu walikufa mapema, yeye ndiye aliyenilea, akinichotea maji na kunisuka nywele vibaya. Alisikia kuna kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tanzania. Akanileta Homa Bay kwa basi, akanikabidhi kwa Mama Yunia, akasimama pale kwenye baraza akiwa ameshika kofia yake. "Usiondoke hapa," aliniambia. "Nikirudi nitakuja moja kwa moja mlango huu." Sikuwa na anwani yake. Yeye alikuwa na yangu, na ilikuwa ni mlango ule tu. Basi kutoka Migori lilifika kila siku kabla ya chakula cha mchana, na kila siku nilipata sababu ya kufagia baraza saa hiyohiyo. Baraza ile ilikuwa safi kuliko altare.

Nawaeleza haya ili mjue kwa nini shuka moja nusura iniue.

Kulikuwa na mgeni chumba namba tano, mama wa makamo kutoka kisiwa cha Mfangano. Aliitwa Mama Dorina. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye harufu ya moshi wa samaki ambayo sabuni haikuiweza. Mfanyabiashara mmoja wa samaki ndiye aliyemwekea chumba, akasema ana shughuli zake mjini. Shughuli zenyewe hatukuziona. Asubuhi alishuka mpaka gatini, akasimama, akarudi. Jioni alishuka tena. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kijaluo changu hakikuwepo, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa "maji?" na "asante". Hata Okech alipomsemesha kwa lugha yao alijibu kwa heshima na kufunga mlango.

Jumamosi moja Mama Yunia alihesabu shuka kama kawaida yake. Moja haikuwepo. Ilikuwa mojawapo ya zile mpya, nzito, ambazo hata hatukuwa tumezoea kuzipiga pasi.

"Nyar Kuria," aliniita, akiwa amesimama mbele ya kabati. "Shuka mpya imeenda wapi?"

"Niliianika jana, Mama. Jioni sikuiona kwenye kamba, nikajua Mzee Okech ameitoa."

"Okech anatoa sufuria. Hatoi shuka." Alifunga kabati kwa ufunguo. "Mimi sijakuita mwizi. Lakini hii nyumba iko na watu wawili wa kazi, na mmoja ninamjua miaka ishirini. Mpaka Alhamisi. Kama shuka haijarudi, utarudi kwenu."

Wanangu, sikumwogopa Mama Yunia. Nilimwogopea Chacha. Nilimwona akishuka kwenye basi, anapiga hodi, anafunguliwa na msichana mwingine ambaye hajui nilikokwenda. Kwetu hapakuwa na nyumba ya kurudia. Nilikuwa na mlango mmoja duniani ambao mtu wangu angebisha, na sasa nilipewa mpaka Alhamisi.

Nikaanza upelelezi. Kwenye kamba, pale shuka ilipokuwa, niliikuta leso kuukuu ya rangi ya kahawia imebanwa vizuri kwa vibanio viwili. Hapo mpelelezi mwenye akili angesimama afikiri. Mimi niliitoa, nikaikunja, nikaiweka kwenye sanduku la vitu walivyosahau wageni, pamoja na meno ya bandia ya fundi mmoja wa saa. Kisha nikaenda kutafuta mwizi kwingine. Nilimchunguza mnunuzi wa pamba wa chumba cha pili kwa sababu alikuwa na sanduku kubwa. Nilipolisogeza ili nifagie, lilifunguka, na ndani mlikuwa na vitunguu vitupu.

Jumatatu nilisimama mlangoni mwa namba tano na ndoo yangu, nikaangalia kitanda kama nilivyofundishwa. Kilikuwa na mabonde mawili.

La kwanza nililijua. Lilikuwa la Mama Dorina, dogo, upande wa ukutani, mtu aliyejikunja. La pili lilikuwa upande wa mlango. Lilikuwa jembamba na la kina kirefu, na kingo zake zilikuwa laini. Mtu akilala hujigeuza, anasukuma pamba huku na huku. Huyu hakujigeuza hata mara moja. Alilala kama alivyowekwa.

Nilimkimbilia Okech. "Mzee, Mama Dorina anaficha mwanaume!"

Okech alikuwa anamenya viazi. "Huyu mama wa kanisa?"

"Bonde liko pale. Mwembamba, lakini mzito."

Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Halafu akaokota kisu, akafikiri. "Ni kweli siku hizi anaitisha chai vikombe viwili," alisema. "Na kikombe cha pili kinarudi kimejaa, kimeshika utando."

Sheria ya kwanza ya Mama Yunia ilikuwa kwamba mgeni hapokei mgeni chumbani. Nikaona kila kitu wazi: mwanaume mwembamba anaingia kwa mlango wa nyuma, na ndiye aliyechukua shuka. Siku mbili nilifagia ukumbi ule mpaka sakafu ikalalamika. Hakuingia mtu wala hakutoka mtu. Kitu kimoja tu niliona, na sikukielewa. Mama Dorina akitoka chumbani, kabla ya kufunga mlango, aligeuka akasema neno moja taratibu kwa Kijaluo, kama unavyomuaga mtu anayebaki nyumbani.

Jumatano asubuhi aliposhuka gatini niliingia na ufunguo wangu. Ndani ya kabati hapakuwa na mtu. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda, na pale niliona weupe ninaoujua. Ilikuwa shuka yetu. Imefungwa kuzunguka kitu kirefu kama mkono wangu, kizito, kimefungwa kwa uangalifu kiasi kwamba pembe zilikunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi.

Niliifungua. Ndani mlikuwa na tunda. Tunda la kijivujivu, refu, gumu, lile linaloning'inia kwenye mti kwa kikonyo kirefu kama kamba. Kwetu tuliliona porini tu na watoto walilipiga mateke. Haliliwi, halipikwi. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, nikikaa pale sakafuni, kwa furaha ya kupata shuka. Sikujiuliza swali lingine hata moja. Nilibeba shuka begani na tunda kwapani, nikapita jikoni, nikalitupa tunda kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Shuka nilimpelekea Mama Yunia kwa mikono miwili. Akaikagua, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, Boke." Ilikuwa mara ya kwanza aniite jina langu.

Nilifagia baraza siku ile nikiimba.

Mama Dorina alirudi mchana, amevaa viatu, amefunga kitambaa kipya kichwani. Boti ya Mfangano ilikuwa inaondoka saa nane. Aliingia chumbani. Kisha nikasikia sauti ambayo sijaisikia tena maishani, si kilio, ni kama mtu aliyepigwa tumboni. Tulikimbia wote, Mama Yunia, Okech, na mimi nyuma yao.

Alikuwa amepiga magoti akipapasa chini ya kitanda.

"Ouma ako wapi?" aliniuliza mimi, kwa Kiswahili, kwa sababu alijua nani anaingia chumbani. "Mtoto yangu. Umempeleka wapi?"

"Mama, mimi sijaona mtoto. Niliona tunda."

Okech alishika kichwa. Akamwuliza jambo kwa Kijaluo, taratibu, na mama akajibu maneno machache. Okech akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ile mashua ilipinduka mwezi jana, unakumbuka? Watu sita, na tano walipatikana. Yule wa sita ni Ouma, kijana yake." Akaonyesha chini ya kitanda kwa kidole. "Boke, ile kitu si tunda tu. Ni yago. Kama mtu amepotea kabisa, hata mwili haionekani, sisi tunazika yago. Tunaita jina yake, tunalia, tunafunika na udongo. Halafu yeye anapumzika, na watu wake wanapumzika. Wazee wamemwambia mama kungoja sasa imetosha, alete yago. Kesho ni mazishi. Watu wamekwisha kufika kwake."

"Na kulala naye kitandani? Na chai?"

"Hiyo si desturi," Okech alisema. "Hiyo ni mama tu."

"Yago nyingine nitakata wapi saa hii?" Mama Dorina alisema, na sasa alikuwa analia. "Hii ilitoka kwa hii pwani, mahali alipotelea. Niliosha na maji ya ziwa ile ile. Nimemwita jina, amesikia. Nitaenda kuita mara ngapi?"

Sikungoja zaidi. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kukuta shimo linafuka moshi, kwa sababu Okech, ambaye hakujua kitu, alikuwa amemwaga majivu ya jiko juu ya taka, yenye makaa bado. Niliingia. Nilichimba kwa mikono kwenye maganda ya viazi, majani ya chai, magamba ya samaki na makaa. Kovu hili la kiganja cha kulia, ambalo baadhi yenu mmeniuliza, ndilo hilo. Nilikuwa nalia na kuomba msamaha kwa Kikuria, kumwomba kijana Mjaluo ambaye sikuwahi kumwona. Nililipata chini kabisa. Ncha moja ilikuwa imeungua, nyeusi. Kwingine lilikuwa zima.

Nilipolileta Mama Dorina hakunipiga wala hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alilipokea kwa mikono miwili. Aliomba beseni. Akaliosha kwa maji ya jagi na sabuni, polepole, akipita kila upande, akikawia pale palipoungua. Mama Yunia alitoka. Tulisikia funguo zikienda kabatini na kurudi. Alikuwa na ile shuka mpya, ametoka kuikunja asubuhi hiyohiyo. Akaitandaza kitandani yeye mwenyewe, akalikunjia tunda ndani, akikunja pembe kama alivyofundishwa na masista.

"Niliacha leso yangu kwa kamba," Mama Dorina alimwambia. "Ya harusi. Sikuiba. Nilikuwa na haya kuomba, kwa sababu mngeuliza ya nini."

Mama Yunia alinitazama. Nikakumbuka sanduku la vitu vilivyosahaulika, na nikatamani shimo la taka linimeze.

Nilimsindikiza gatini nikiwa na begi lake. Yeye alimbeba Ouma. Nilimrudishia leso, akaikataa, akanifunga nayo mkono uliokuwa umeungua. Boti ilikuwa imeanza kupakia. Ndipo akaniuliza, "Na wewe, kila siku unafagia wakati basi inakuja. Unangoja nani?"

Wiki tatu alikuwa nasi, nami nilidhani hanioni. Mjini kote hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Kaka yangu," nilisema.

"Ameenda siku ngapi?"

"Miaka miwili."

Hakuniambia atarudi. Watu wote wangesema atarudi. Aliniwekea mkono shavuni akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, akapanda boti. Nilisimama pale mpaka ikapita ncha ya bara na kutoonekana. Nilijua anakwenda kuzika, na moyoni nilimwonea wivu. Najua ni jambo baya kumwonea wivu mama anayezika. Lakini kesho yake yeye angekuwa na mahali pa kwenda kukaa na kumsemesha mtoto wake, na mimi ningekuwa na ufagio.

Nilibaki kwenye nyumba ile mpaka Mama Yunia alipofariki na watoto wake wakaiuza. Nilipata kuitwa Kisumu kwenye hoteli kubwa, yenye ngazi za mazulia, nikakataa. Mwashi mmoja wa Rangwe aliniposa, mtu mzuri mwenye kucheka, nikamwambia angoje kidogo, naye akangoja kidogo kisha akaoa. Watoto wa Mama Yunia waliponiandalia chakula cha kuniaga, nilimwachia mwenye nyumba mpya karatasi yenye jina langu na mahali nitakapokuwa Migori, ikiwa mtu atapiga hodi. Aliipachika ukutani. Baadaye nilisikia nyumba imebomolewa. Ukuta nao ulikwenda.

Hapa Migori nina vyumba viwili. Changu, na kingine chenye kitanda cha Chacha. Godoro ni la pamba, nililishonesha makusudi. Nimebadilisha shuka zake kila Jumamosi tangu nilipohamia, na kila Jumamosi nimesimama mlangoni kwanza nikaangalia. Kimekuwa tambarare siku zote.

Mwaka huu nililazwa hospitalini kidogo, presha tu, msishtuke. Daktari kijana alikuwa anajaza karatasi. Akaniuliza jamaa wa karibu ni nani. Nikasema Chacha. Akaniuliza namba ya simu yake. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikalisikia jibu kabla sijalisema: hayupo tena. Yule daktari aliweka kalamu chini akanipa maji.

Niliporudi nyumbani nilimwita jirani yangu, ambaye ni Mjaluo, nikamwomba anikatie yago upande wa mpakani, barabara aliyopita kaka yangu. Sisi Wakuria hatuna desturi hiyo, na wazee wetu watanung'unika, lakini hawakunipa nyingine. Nililiosha kwa sabuni. Nikaliita jina la kaka yangu. Nikalilaza kwenye kitanda chake, upande wa mlango, nikaleta chai vikombe viwili. Changu nilikunywa. Leo asubuhi limetimiza siku saba.

Tutamzika Jumamosi, kando ya nyumba, chini ya mkaratusi. Shuka ninayo, mpya, na leso ya Mama Dorina ya kufungia. Nguvu za kuchimba sina, ndiyo maana nawaandikia. Mje wote na mwalimu wenu, mje na majembe, langu mpini umelegea. Na mkifika, pitieni kwanza chumbani. Nitakuwa nimemtoa Chacha kitandani lakini kitanda chenyewe sitakitandua. Nataka msimame mlangoni muone lile bonde, halafu mnisaidie kutoa shuka.